Kuhusu Jordan na Maji ya Barabarani

Kikuyu,
S.L.P. 318,
Dodoma.
9 Oktoba, 1994.

Mpendwa mdogo wangu Petro,

Pokea salamu kutoka Dodoma, wewe na shemeji Lea na wote mlio nao huko Mpika, Zambia. Natumaini mnaendelea vizuri, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Sisi hatujambo. Frida bado analalamikia goti, lakini jana alikwenda sokoni kwa miguu akarudi na mzigo kichwani, kwa hiyo sijui niamini lipi. Mama kule kijijini ni mzima, anakula na kugombeza kama kawaida yake.

Mvua bado. Upepo umekuwa mkali, na vumbi linaingia hadi ndani ya kabati. Uwele wa mwaka huu ulitosha. Mtama uliliwa na ndege.

Sasa nije kwenye jambo uliloniandikia. Uliniomba, kwa kuwa mimi ni kaka yako, nimtoe mwanao Jordan kwenye mashindano ya magari na kumpeleka kwenye ile nafasi ya karani niliyomtafutia. Nafasi hiyo bado ipo hadi mwisho wa mwezi. Sikumpeleka, na sitampeleka. Ni haki yako kujua sababu, kwa hiyo soma hadi mwisho kabla ya kukasirika.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana barua yako inamtaja kama mhuni anayekimbiza gari mitaani. Jordan alijifunzia kwenye lori la shirika la umma, akibeba mahindi wakati wa masika kutoka vijiji vya Kongwa na Mpwapwa, kwenye njia ambazo madereva wenzake walizikataa. Ulichukia alipoacha kazi ile, na tangu hapo hujamwandikia. Shirika lenyewe limekwisha kuuzwa, na waliobaki wako majumbani wakisubiri mafao. Yeye yuko Kizota, kwenye karakana ya Bwana Respicius, mfanyabiashara wa matairi kutoka Dar es Salaam mwenye magari ya mashindano. Asubuhi anatengeneza magari, jioni anafanya mazoezi. Halewi, havuti sigara, na hulala mapema kuliko mimi. Kinachoniudhi ni zile fulana zenye matangazo ya matairi mgongoni. Kanisani nimemkataza.

Amekwisha kushindana Morogoro, Arusha na Iringa, na Iringa alikuwa wa pili. Baada ya hapo Bwana Respicius alimwahidi kwamba akimaliza miongoni mwa watatu wa kwanza hapa Dodoma, atampa mkataba wa miaka miwili: mshahara wa kila mwezi, gari jipya, na safari za nje, yakiwemo mashindano ya huko Zambia. Jordan aliniambia habari hiyo akiangalia pembeni. Alitaka umwone akiendesha huko huko uliko.

Mashindano yalifanyika mwezi uliopita. Barabara waliyoichagua ilipita kijijini kwetu, ikikata ile kona iliyo mbele ya mlango wa Mama. Nilipanda basi siku moja kabla ili nijionee kwa macho yangu, kama ulivyotaka.

Unaijua desturi ya nyumbani ya kumpokea mgeni wa heshima wakati wa kiangazi. Uwanja hufagiliwa, kisha hunyunyiziwa maji ili mgeni asile vumbi. Ndivyo alivyopokelewa askofu, na ndivyo alivyopokelewa bwana harusi wa binti yangu Paulina. Unajua pia maji hayo yanatoka wapi mwezi wa tisa: kwenye mchanga wa korongo, kata kwa kata. Akina mama walikuwa wameyachota tangu alfajiri, wakanyunyizia uwanja wa Mama wakitarajia kwamba Jordan angerudi kula nao jioni.

Gari la kwanza likapita, likawafunika wote kwa vumbi. Kila mtu alijua kwamba la pili ni la Jordan. Mama akasema mjukuu wake hawezi kupita kwao ndani ya vumbi la mtu mwingine. Basi wakabeba ndoo zote zilizobaki, wakazimwaga barabarani, pale pale konani, penye udongo wa mfinyanzi. Mimi nilikuwa juu ya kichuguu pamoja na wazee wengine. Nilipiga kelele, lakini mngurumo wa gari ulikuwa umekwisha kufika.

Jordan aliingia konani kwa kasi ya barabara kavu. Gari liliteleza ubavu, likazunguka, likatumbukia mtaroni mbele ya mlango wa Mama na kusimama hapo. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu.

Wa kwanza kusema alikuwa mzee Cornel, jirani yetu, ambaye hajui kunyamaza.

“Dereva gani huyu anayeegesha shimoni?”

“Funga mdomo wako, Cornel!” Mama alimjibu. “Hujaona kwamba amekuja kunisalimu?”

Jordan alikuwa ametoka, kofia ngumu kichwani. Alitazama barabara iliyolowa, akazitazama ndoo tupu, kisha akamtazama bibi yake. Nilimwona akielewa. Akavua kofia, akamwendea, akainama.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nilisema huwezi kupita mlangoni kwetu kama mpita njia. Maji umeyaona?”

“Nimeyaona, bibi. Ahsanteni sana.”

Msoma ramani wake, kijana wa Kipare aitwaye Tumsifu, alitoka na tope hadi magotini. “Na mimi nishukuru, bibi?” aliuliza. “Tope langu nimelimeza.” Akina mama wakacheka, wakadhani ni mzaha mtupu. Wanaume walilisukuma gari hadi likatoka, gurudumu la mbele likiwa limepinda. Magari mengine mengi yalikuwa yamekwisha kupita. Jordan alimaliza wa sita.

Hapo sasa ndipo jambo lilipo. Kanuni zao zinasema kwamba watazamaji wakiiharibu barabara, dereva anaweza kuandika malalamiko, na yakithibitishwa, muda alioupoteza hapo hufutwa. Jordan angehesabiwa wa pili. Kesho yake asubuhi Bwana Respicius alikuja naye hapa Kikuyu, karatasi mkononi, akaniomba nimwamuru aandike, kwa kuwa alikuwa amekataa.

“Kona niliiingia kwa kasi mno,” Jordan alisema.

“Na lile tope?” Bwana Respicius aliuliza. “Mwezi wa tisa, Dodoma hii, tope limetoka wapi?”

Jordan alimsogezea kikombe cha chai. Nikamwambia kwamba nyumbani kwangu swali hujibiwa.

“Baba mkubwa, nikiandika, waandaaji watakwenda kijijini kuuliza. Bibi hataficha, atasema kwa fahari kwamba ni yeye. Watamweleza alichokifanya. Leo anajua kwamba nilisimama kumsalimu. Mnataka nimwachie nini?”

Nilimwuliza kama anafahamu anachokiacha.

“Ninakifahamu. Nimekitaka kuliko mtu yeyote aliyemo humu ndani.”

Bwana Respicius alinigeukia. Nilimjibu kwamba aliyekuwa kwenye usukani ni Jordan, basi uamuzi ni wa Jordan. Hakugomba. Alimaliza chai, akaikunja karatasi yake, akaaga kwa adabu. Mkataba amempa kijana wa Moshi. Naye Jordan ameachiwa gari lile lile lililopinda: akiweza kulinyoosha, aliendeshe mwezi wa Novemba, bila mshahara. Yuko Kizota tangu siku hiyo, chini ya gari, na Tumsifu anamsaidia huku akimtukana.

Petro, sikuandikii kwamba kazi hii ni salama. Si salama. Wala sikuahidi kwamba atapata mkataba mwingine, maana wafanyabiashara wa siku hizi wana haraka na vijana wenye magari ni wengi. Lakini umemwita mhuni katika barua mbili, na mimi niliyekuwapo nakuambia kwamba neno hilo halimfai. Nimemweleza kuhusu nafasi ya karani. Alinishukuru, akasema hapana, akaniuliza kama umeandika chochote kumhusu. Nilimwambia kwamba umeniandikia mimi.

Nikuarifu pia kwamba barabara ya Novemba itapita pale kwetu tena. Kwa sababu hiyo nilikwenda kijijini wiki iliyopita kuzungumza na Mama. Sikumwambia kilichotokea. Nilimwambia tu kwamba kanuni za mashindano haziruhusu kitu chochote kumwagwa barabarani, na hilo ni kweli.

Hakupendezwa. “Basi tutampokeaje?” aliuliza. “Kwa mikono mitupu?”

Nilimshauri aweke maji mtungini, ndani, ili Jordan anawe uso atakaporudi jioni. Akapepeta uwele wake, kisha akanipa ujumbe ambao niliufikisha Kizota siku ileile. Jordan aliusikia akiwa chini ya gari, na hakutoka huko kwa kitambo kirefu. Nakuandikia wewe nawe kama alivyousema:

“Mwambie safari hii apite tu, asisimame. Ile salamu yake bado ninayo.”

Sitaongeza la kwangu juu ya hilo. Mwandikie mwanao. Na kama wakubwa wako wa reli watakupa likizo mwezi wa Novemba, njoo usimame nasi kandokando ya barabara. Barabara itakuwa kavu.

Frida anamsalimu shemeji Lea na kumkumbusha kile kitambaa cha chitenge. Paulina na mumewe wanawasalimuni, na mzee Cornel anauliza kama huko Zambia umejifunza kunyamaza. Mama anawabariki wote, nami naitikia baraka zake: Mungu awalinde njiani na awarudishe nyumbani.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ninapokukatalia,

Seth Ndahani