Tableti Si Mkate

Oydin mjukuu wangu,

Chai iko kwenye birika. Nimekwenda tanurini kwa jirani kukuokea mkate wa safari.

Asubuhi nilikuta tableti yangu imelala kifudifudi kando ya kompyuta yako. Kwetu mkate haulazwi hivyo, ni kuudharau; kwa mazoea nikaigeuza, waya ukachomoka. Najua utasema, “Bibi, hicho si mkate!” Cheka tu. Uzi mwekundu ulionifungia kwenye waya ili nijue pa kuuchomeka nimeuona, ahsante, ila niliogopa kuurudisha waya mwenyewe.

~~Ukichelewa treni, nenda tu.~~ Tafadhali uchomeke waya tena, video zako zote, zile unazocheka, zihamie kwenye tableti yangu kabla hujaondoka na kompyuta.

Mkate utaung’ata kidogo, nami nitautundika ukutani kama desturi yetu, mpaka utakaporudi hapa Tashkent kuumaliza. Lakini mkate haucheki, mwanangu.

Bibi yako