Goti la Baba Ednah na Baiskeli Yake

Baba Ednah,

Githeri iko kwa sufuria, pasha tu. Ng'ombe nimeshakamua, usiende kuinama huko.

Asubuhi umenikasirikia eti sijibu kama hiyo baiskeli yako ya mashindano ichomelewe au ununue nyingine. Nilikuwa nakuangalia ukishuka ngazi kinyumenyume, na bado unasema goti haliumi! Wachuma chai wameniambia: ulipoanguka pale kona ya Kibugu, uliamka ukapapasa fremu kwanza, damu ikikushuka mguuni.

~~Usipande baiskeli tena.~~ Hiyo nimefuta. Bila baiskeli nyumba hii haikaliki.

Nunua nyingine. Fundi mwenyewe alisema ufa wa fremu ukichomelewa utashika kwa barabara tambarare, na huku kwetu tambarare iko wapi? Sitaki kila ukiteremka niwe nakodolea simu macho.

Lakini najua nikitoka tu utaikokota kwa fundi, kwa hivyo tairi ya mbele nimeibeba. Naiacha kwa daktari pale zahanati. Boda atakuja kukuchukua saa nne hii ya asubuhi.

Daktari hakupi tairi kabla hajaliona goti.

Mama Ednah