Kiti cha Mlangoni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na kabichi za bondeni zimenusurika na mvua. Mimi huku Nairobi ni mzima, nimekonda kidogo tu, ila Mama usimwambie. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumbani anaishika Mjomba na kila mtu anasikiliza. Leo nataka tuongee wawili tu.

Kwanza, sijafukuzwa kazi. Naanza na hilo kwa furaha, maana wiki iliyopita nilikuwa nimeshafungasha begi.

Tunarekodi filamu ya familia inayogawana shamba, nami kazi yangu ni kupanga vitu chumbani kabla kamera haijawashwa. Siku ya kurekodi kikao cha familia hiyo nikapanga viti kwa mazoea ya kwetu: mjomba kwenye kiti kikubwa katikati, baba pembeni karibu na mlango. Sikuwaza hata kidogo. Asubuhi nzima wakarekodi nyuso za waigizaji mmoja mmoja. Walipotaka kuonyesha chumba kizima ndipo ikaonekana kwamba baba, ambaye ndiye mgawaji wa shamba, amekaa kama mtu aliyepita kuomba maji. Kazi yote ikawa imeharibika, na wote wakanigeukia mimi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukibishana tukitoka banda la video pale mjini? Mimi nilisema dairekta mzuri ni mwenye magari yanayolipuka, wewe ukasema ni yule anayekufanya usahau kuwa yupo. Dairekta wangu wa kwanza huku alikuwa wa kufoka. Alimtupia mwenzetu kiatu kwa ajili ya kikombe kilichosogezwa, nami nikadhani ndio ustadi wenyewe. Kwa hiyo nilisimama nikisubiri kiatu changu.

Huyu wa sasa ni mama wa makamo, mpole wa sauti. Akawaambia watu wote, "Kosa ni langu. Nilipita humu asubuhi nikaviona hivi viti, sikuuliza." Halafu akaagiza chai, akaketi palepale mlangoni, akataka nimweleze kwetu watu hukaaje. Nikamweleza kwamba kwa sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba vilevile, hivyo mjomba ndiye msemaji. Hapo nikajua nimepona. Mchana tukarudia kazi yote, na hakuna aliyeninunia isipokuwa mpiga picha. Filamu ijayo nimeambiwa nipo. Sasa ukiniuliza dairekta ninayempenda, ni huyu, na hana hata gari moja linalolipuka.

Ila kabla hajainuka aliniuliza jambo moja: "Na huyu wa mlangoni, huwa anawaza nini?"

Sijawahi kukuuliza, Baba. Niliona aibu.

Siku Mjomba alipotangaza kikaoni kwamba niende Nairobi, wewe ulikuwa mlangoni umepakata kofia. Kesho yake ulinibebea begi mpaka stendi ya Msamvu, ukasimama hadi basi likaondoka. Miaka yote hii nimemshukuru Mjomba peke yake.

Nisalimie Mama, na Bibi mzaa Mama, mwambie kitenge chake nimekinunua. Mjomba naye msalimie, heshima yake iko palepale.

Halafu unijibu kwa mkono wako mwenyewe, mtu asikusaidie: siku ile, pale mlangoni, ulikuwa unawaza nini?

Binti yako,
Prisca