Fuwele za Ausi

Jumatatu, 5 Juni 1950
Ausi kapata fuwele! Ausi! Huyu wa Ruangwa, niliyemkuta hajui hata kushika hadubini! Hapa maabara sote tunatoa protini kwenye karanga kwa njia ileile: maji ya chumvi ya uvuguvugu, kuchuja, kuacha ipoe. Yangu imebaki ukungu mweupe. Yake imeganda chembe zinazometa. Bwana Pratt, mkuu wetu wa maabara, kampiga begani, eti huyu ndiye wa kwenda Nairobi kusomea kazi. Nafasi ni moja. Nimetabasamu mpaka taya zikauma.

Jumatano, 7 Juni
Usingizi hakuna. Wivu — ndiyo, wivu! Nani atanisoma? Ausi alipokwenda kuswali nikauchungulia unga wake uliobaki. Kwenye hadubini, vipande vya ngozi ya kijani. Karanga na kijani wapi na wapi? Hizo mbegu za boga! Nimezinunua sokoni, nimezisaga kwa chupa, nimezipitisha njia ileile.

Alhamisi, 8 Juni
Fuwele tele! Sura ileile kabisa. Za Ausi ni za boga. Nimeimba njia nzima.

Ijumaa, 9 Juni
Nimesema mbele ya wote. Bwana Pratt kaona mwenyewe, uso ukamwiva. Ausi kainama. Raha! — halafu Bwana akauliza, mbegu za boga zimeingiaje? Mashine ya kusagia ni mbovu, tunatwanga kwenye kinu cha Rosa, mke wangu. Mimi ndiye ninayekileta asubuhi, jioni nakirudisha, na Rosa hutwangia humo mbegu za maboga za kuungia mboga. Siku ile Ausi alitangulia kutwanga. Bwana hajui kinu ni cha nani, na siku hizi watu wanapunguzwa kazi ovyo.

Ausi anajua. Kanitazama. Kisha kasema ni yeye, kaazima kinu kwa jirani, hakukiosha. Bwana kampa mkono. Mkweli namna hii, kasema, ndiye anayefaa kwenda Nairobi.

Hata kwa kosa langu kasifiwa yeye!

Nimeondoka bila kuaga, kinu nimekiacha hukohuko. Na sasa hivi kuna hodi — Ausi, na kinu begani. Rosa anacheka, shemeji, umekiosha hata! Ananiita. Baba Dorotea, njoo umshukuru mwenzio. Sijainuka. Ananiita tena.