Kisu cha Mkono Mmoja

Alhamisi, 9 Januari
Nimefunga mwani kwenye kamba tangu asubuhi. Vidole vinawasha kwa chumvi.

Hili sijamwambia mtu. Kisu cha Shangazi hakikunipotea. Nilikitupa. Bamvua iliyopita, siku za maji kutoka mbali, kwenye maji ya kiuno, nilifungua mkono nikakiacha kizame. Shangazi Mize hampeleki mtu shamba la kina bila kisu kiunoni, na mimi naliogopa shamba la kina. Sijui kuogelea. Huko maji hufika kifuani hata yakitoka, na kamba zinacheza chini kama zinatafuta miguu. Nilidhani bila kisu nitaachwa ufukweni.

Hakunigombeza. Kasema tu Jumamosi niende sokoni Darajani nikachague kingine, cha kukunja, kikubwa. Nichague mwenyewe, maana atakayekibeba kila siku ni mimi.

Jumamosi, 11 Januari
Nimepita mbele ya duka la visu mara tatu kabla ya kuingia. Mzee mwenye duka akaitikia shikamoo yangu, akauliza kama nimetumwa kuchinja ng'ombe wa harusi au harusi yenyewe ni yangu. Nilitaka kutoka.

Nikasema nataka cha kukunja, akaweka viwili mezani. Kimoja kina mpini wa mti, ncha za shaba. Kizuri, kizito. Unakifungua kwa ukucha, mikono miwili. Cha pili kina mpini mweusi wa plastiki, kibaya kama rimoti ya zamani. Bapa lake lina tundu. Unasukuma kwa dole gumba, tak, kimefunguka na hakirudi mpaka ukiachie mwenyewe.

Hiki cheusi kilinitisha. Nikakiona akilini kikifunguka chenyewe kiunoni.

Nimechukua cha mti.

Jumapili, 12 Januari
Nimekijaribu. Mkono wa kulia na kisu ndani ya ndoo ya maji, wa kushoto umeshika mwimo wa mlango, kama vile nimeshika kamba. Nikahesabu. Nimefika sitini. Ukucha umevunjika, kisu hakijafunguka.

Nimekaa uani. Nilichagua kwa kuogopa kisu, nikasahau maji.

Jumatatu, 13 Januari
Nimerudi Darajani. Nikakiweka cha mti mezani, mzee akasogeza sikio. Nikasema nataka kubadilisha.

"Kile cha kuonesha wageni, mwanangu," kasema. "Hiki cha kazi."

Jioni nimekifungua na kukifunga mpaka dole gumba limevimba.

Jumatano, 15 Januari
Shamba la kina.

Tulikuwa tunavuna. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Shangazi akasimama ghafla. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi mezani:

"Mwanakombo, kamba imenishika mguu, siifikii."

Wimbi likampita kidevuni. Mkono wa kushoto nikamshika yeye. Wa kulia ukaenda kiunoni wenyewe. Tak. Nikafumba macho, nikajizamisha mzima, nikafuata mguu wake kwa vidole mpaka kwenye kamba. Nikakata. Haikuachia. Nikakata tena.

Ikaachia. Mstari mzima wa mwani ukaenda na maji. Shangazi hakuutazama.

Kifundo chake kina alama nyekundu pande zote. Naogopa kuliko jana. Jana nilikuwa nakisia tu.

Jumamosi, 18 Januari
Manyunyu. Shangazi kalala, mguu juu ya mto.

Nilikuwa natafuta vigingi kwenye kikapu chake. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga, kipo kisu chake cha zamani. Kimefutwa chumvi, kimepakwa mafuta. Lazima aliniona nikikiacha, akakifuata mwenyewe. Ndiyo maana hakunigombeza. Alijua, na bado akanituma nikachague.

Nimekifunga kanga vilevile, fundo lilelile, nikaweka vigingi juu.

Bamvua ijayo nitakwenda tena. Naogopa, na hilo ukitaka mwambie yeyote. Lakini hili la kisu libaki kwako, daftari langu. Shangazi asijue kuwa nimekiona.