Herufi Zako Zilizobaki

Kaka Espoir mpendwa,

Umeme umerudi asubuhi hii hapa mtaani Katindo, nikafungua kompyuta yako. Nimeimaliza ile kazi uliyoniachia kwenye kompaila yetu, ile programu inayogeuza msimbo wetu kuwa amri za mashine. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Unakumbuka tulivyobishana? Kila tulipotaka kujaza safu ya herufi kwa maneno, kompaila yako ilichukua herufi moja, ikaiweka mahali pake, ikarudi kuchukua nyingine. Nilikucheka: "Weye, unachota maji ya ziwa kule Kituku na kikombe, na bidon ya lita makumi mbili iko hapa!" Nawe ukajibu, "Acha kwanza itumike, mbio itakuya nyuma." Kisha ukaandika sentensi yako ya majaribio, kwa kuwa njaa ilikuuma, mboga ya sombe ilikuwa ikinukia jikoni, nawe ukingoja Mama atuite tuje kula: "Mama anaita, kuya tukule."

Mbio imekuja, kaka, na wewe hupo. Homa ilikushika barabara zikiwa zimefungwa, hatukuweza kukufikisha hospitali, na waliozifunga sijawasamehe.

Nilifuta mistari yako ya kikombe, nikaandika yangu inayomwaga maneno yote kwa mkupuo. Niliijaribu kwa sentensi yako, ikatoka sawa. Halafu, kwenye nafasi ileile, nikaweka neno fupi: Goma. Skrini ikaandika, "Goma anaita, kuya tukule."

Nilishika mdomo. Kosa lilikuwa langu: nilisahau kujaza sifuri kwenye nafasi zinazobaki baada ya neno, kwa hiyo herufi zilizobaki za sentensi yako zilikuwa bado zimekaa palepale. Kosa la mwanafunzi, ungenitania wiki nzima. Lakini nililia, maana ilikuwa kama umeniita. Nikaiendesha tena na tena ili niyaone tu maneno yale.

Kosa kama hilo haliachwi, unajua mwenyewe. Mtu mwingine akiitumia kompaila yetu, atasoma mabaki ya maneno asiyoyaandika. Basi nimeweka sifuri. Sasa inatoka Goma, halafu hakuna kitu.

Mama ameita sasa hivi. Zamani alituita sote wawili kwa pumzi moja. Leo ameita jina langu, akaacha nafasi ya lako, ndipo akasema, "Kuya tukule."

Naenda, kaka. Pumzika.

Mdogo wako,
Furaha