Baba, Wanataka Nikukate Kwenye Rekodi

Baba yangu, fundi wa mageti,

Nina hasira, na nimeona nikuandikie wewe kwa sababu hawa wengine wameshanichosha. Wiki nzima nimeshinda hapa Migori kwa Chacha, yule fundi wa sauti kutoka Kegonga aliyerekodi tamasha letu la Homa Bay. Video iko tayari: mimi na bendi yangu, muziki wa metali mwanzo hadi mwisho, bila kupakwa poda. Kilichobaki ni kuitoa kwa watu. Lakini kila anayeisikia anakuja na makasi yake. Msambazaji anataka nikate matusi. Wazee wa kanisa lako wanataka nikukate wewe.

Unakumbuka kile kibanda chako nyuma ya soko? Grenda ikinguruma, cheche zikiruka, na wewe ukiimba sauti ya nne ya kwaya, ile nzito ya wanaume, juu ya kelele zote hizo, ukinitaka nikufuate. Nilikuwa darasa la tano. Nikianza kukaza shingo, ulizima grenda. "Nyara, binti yangu, pumua na tumbo! Shingo ni ya kuvaa tai." Kisha ulinigonga tumboni kwa vidole viwili vyenye masizi, gauni la shule likabaki na alama, na Mama akanigombeza mimi badala ya kukugombeza wewe. Siku hizi watu huniuliza nilisomea wapi kunguruma saa nzima bila sauti kukauka. Nawaambia nilisomea kwa kiongozi wa kwaya, baba yangu mzazi. Wanacheka, wanadhani nawatania.

Halafu kiongozi huyohuyo akanifukuza. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, nina miaka kumi na saba. Wanaume wawili wa sauti ya nne walikuwa wamekwenda Osiri kutafuta dhahabu, na pale chini pakawa na pengo. Mimi nikashuka nikaliziba. Niliimba vile ulivyonifundisha, kwa tumbo. Watu wakageuka kutazama ni mwanaume gani yule mgeni. Uliteremsha mikono, kwaya ikanyamaza, ukasema mbele ya kanisa zima, "Sauti hiyo si ya mtoto wa kike. Na si ya nyumba hii. Enda ukae na mama yako." Nilitembea kutoka jukwaani mpaka benchi la Mama huku viatu vyangu vipya vikilia kila hatua. Mchana tulipokula uliniomba chumvi tu. Hatukulizungumza tena jambo hilo, si siku hiyo wala nyingine yoyote.

Nilipokuja kukuambia nina bendi, ulicheka. "Mimi nachomelea chuma, wewe unakipigia kelele. Tutaona nani ataletewa kazi." Nilicheka pia, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Lakini iliniuma, Baba, na nadhani ulijua imeniuma.

Ndiyo maana nilisema niliyosema Homa Bay. Tulipewa ukumbi Jumamosi alasiri kwa kuwa jioni palikuwa na harusi, kwa hiyo tulipiga metali chini ya vitambaa vyeupe na maua ya plastiki ya watu. Kabla ya wimbo wa nne nikashika maiki. "Huu ni wa baba yangu! Alinifundisha kupumua halafu akaniziba mdomo. Mnafiki! Shenzi sana!" Iko kwenye rekodi, neno kwa neno, na ukumbi ulishangilia. Sitajifanya eti ulimi uliteleza. Nililipanga neno hilo tangu asubuhi. Nilichokuwa sijui ni kwamba ulikuwa umesimama pale mlangoni, na kofia yako ya kanisani kichwani.

Wimbo ulipofika katikati, mkono ukainuka mbele ya jukwaa. Ouma, mpiga ngoma wetu, akaacha kupiga. Nilimtupia jicho baya, lakini yeye ni Mjaluo aliyelelewa vizuri: mzee akiinua mkono muziki ukiendelea, anataka kufanya pakruok. Anataka muziki usimame ajisifu, au amsifu mtu wake, kisha uendelee. Hiyo hufanywa kwenye ngoma za kwetu, harusini na matangani. Kwenye metali sijawahi kuiona. Ouma akakupa maiki yake ya pembeni. Mimi nilikuwa upande ule mwingine wa jukwaa, masikio yanavuma kwa kelele zangu mwenyewe, nikaiona kofia kabla ya kuiona sura.

"An wuon nyako ma..."

Ukumbi ukalipuka. Na Chacha, ambaye ni Mkuria na Kijaluo hakijui hata cha kuombea maji, akadhani ni mlevi amenyang'anya maiki. Akaishusha sauti yako. Akaishusha kwenye neno la mwisho hasa! Nilimfokea juzi mpaka akatoka nje kupunga hewa. "Si ungeniambia ni mzazi?" akaniuliza. Ningemwambia saa ngapi, wakati mimi mwenyewe sikujua ungekuja?

Kilichobaki kwenye rekodi ni neno moja hafifu chini ya vigelegele. *Mor.* Na wewe unajua shida ya neno hilo. Mbingu ikinguruma wakati wa mvua, tunasema mor. Mtu akiwa na furaha, tunasema mor pia, na tofauti iko katika namna ya kulitamka tu, ambayo ndiyo Chacha aliizima. Kwa hiyo ulichosema ni hiki: Mimi ni baba wa msichana anayenguruma. Ama, mimi ni baba wa msichana mwenye furaha. Ouma anaapa ni kunguruma. Shangazi naye anaapa ni furaha, kwa sababu, anasema, "ndugu yangu hawezi kusifu kelele." Mimi nimesikiliza mpaka neno lenyewe limepoteza maana.

Na ningeweza kukuuliza! Nilikuuliza! Nilikuja nyumbani Jumapili ile, nikakukuta unanoa patasi, nikasema, "Baba, jana nilikuona." Hukuinua kichwa. "Wapi?" Nikasema Homa Bay. "Mimi jana nilikuwa Oyugis, kununua mabomba." Wazee wa kanisa nao walipofikiwa na uvumi, uliwapa Oyugis hiyohiyo. Wakakuamini, wakamwombea huyo mlevi anayefanana nawe. Wewe ukasema amina. Mama ndiye aliyenisimulia, naye alikuwa anacheka, hajui anacheka nini.

Miezi sita, Baba. Miezi sita tumekula meza moja, nimekushikia mageti ukichomelea, nikingoja useme tu. Halafu presha ikakuangusha kibandani ukiwa umevaa miwani ya kazi, ukaenda na jibu langu.

Sasa wazee wamekuja kwa Mama. Wamesikia video ina sauti yako, na wanasema mzee wa kanisa hawezi kuonekana akishika maiki kwenye muziki wa namna ile. Mama hakunifokea. Alinishika mkono jikoni. "Nyathina, mwanangu, wamemzika kama mzee wa kanisa. Usimfukue." Msambazaji yeye hana neno nawe, anakupenda. "Hiyo ya mzee iache, ni tamu sana. Wewe toa tu matusi, redio zitaicheza."

Nilimwambia Chacha atengeneze zote mbili nisikie. Ile isiyo na tusi ina baba mwema aliyekuja kumsifu binti yake mwema, watu wakapiga makofi. Sisi hatukuwa watu hao. Ile isiyo na wewe ina binti anayemtukana baba ambaye hayupo, na wimbo unaisha hivyohivyo. Nilizima kabla haijafika mwisho.

Nikaomba ile nzima. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hasira ilikuwa imenificha. Ulikuwa umenisikia. Ulisimama mlangoni ukaitwa shenzi na mtoto wako mwenyewe, mbele ya ukumbi wote, na mlango ulikuwa wazi nyuma yako. Badala ya kutoka, ukapita katikati ya watu mpaka kwa Ouma ukaomba maiki. Tusi likiondolewa, tendo lako halina uzito wowote. Kwa hiyo inatoka nzima, na wote wanikasirikie.

Nimemwambia Mama. Ananipa chai vizuri, anaweka kikombe mezani, kisha anatoka nje. Sijawahi kumwona akininyima maneno, na sijui atanisamehe lini. Inanitesa kuliko ninavyoonyesha. Wala usidhani nimekusamehe Oyugis. Mtu anayeweza kusema mbele ya wageni wote wale angeweza kusema na mezani pia, mara moja tu, kwa sauti ya chini, nami ningekuwa na neno langu bila kumtegemea Chacha na mitambo yake.

Tulibakiza kazi moja. Chacha alitaka kuweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha, kwa wasiojua Kijaluo. Tulipofika kwenye sehemu yako akasimamisha video.

"Sasa hapa niandike nini? Ananguruma ama anafurahi? Chagua moja tumalize."

Nilikutazama pale kwenye kioo cha kompyuta, kofia imepinda, mdomo wazi. Nikamwambia hilo neno la mwisho aliache, aandike lile ambalo kila mtu analisikia. Akaniuliza ni lipi.

"Andika: Mimi ndiye baba yake."

Binti yako,
Migori